Mwenza wako akishikwa na kamari: mwongozo wa kulinda fedha, nyumba na watoto hatua kwa hatua

Siku ya kuvunja kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, huwa ni siku ya furaha, kwa kuwa kila mwanachama huondoka na hisa zake na faida yake. Mwaka mmoja, katika kikundi ambacho nilikuwa mweka hazina wake hapa Dar es Salaam, mwanachama mmoja aliniita pembeni akaniomba nisimtumie fedha zake kwenye simu, bali nimpe nusu mkononi na nusu nyingine niiingize moja kwa moja kwenye akaunti ya shule ya watoto wake. Nilipomuuliza sababu, alitoa mkobani karatasi nne za taarifa ya miamala ya simu ya mumewe, zilizopigwa mistari kwa kalamu nyekundu. Miamala hiyo ilianza saa 23:48 na kuishia saa 03:26 ya usiku huohuo: elfu moja, elfu moja, elfu mbili, elfu tano, kisha mkopo wa dharura wa simu, kisha elfu tano tena, mpaka salio likabaki shilingi 140. Ulikuwa usiku mmoja tu. Akanieleza kwamba tayari alikuwa amemlipia mumewe madeni mara tatu, na kwamba kila alipomaliza kulipa, mistari ya usiku iliongezeka.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu aliye katika hali kama ile, awe mke au mume, kwa kuwa siku hizi wanawake nao wanabeti na waume wao wanahangaika vilevile. Jambo ambalo ningependa msomaji alishike kuliko yote ni mpangilio wa hatua. Watu wengi huanza kwa kulipa madeni, kisha husamehe, kisha ndipo hufikiria kulinda kilichobaki. Mpangilio unaookoa familia ni kinyume chake: kwanza fedha na mali ziondolewe mahali zinapofikika, kisha mazungumzo yafanyike, na madeni yafuate baadaye kabisa.

Kwanza, ujue unashughulika na nini

Mtu anayetia mkeka mmoja, yaani tiketi ya kubashiri mechi, siku ya Jumamosi, akaliwa elfu mbili, akacheka na kwenda kulala, si mtu ninayemzungumzia hapa. Ninamzungumzia yule ambaye akiliwa hawezi kuacha, kwa sababu moyo wake wote uko katika kurudisha kilicholiwa, na kila anapojaribu kukirudisha hupoteza zaidi. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 11 lililoanza kutumika mwaka 2022, pamoja na matatizo mengine yatokanayo na uraibu. Hii ina maana kwamba kiapo, machozi na aibu peke yake havitoshi kumtoa mtu humo, hata akiwa mkweli anapoapa. Mwenza wako anaweza kukuahidi kwa moyo safi saa moja jioni, na saa saba usiku akawa ndani ya mchezo wa kubeti wa kindege kwenye simu, ambao raundi yake humalizika kwa muda mfupi sana na nyingine kuanza palepale.

Dalili za kifedha huonekana nyumbani kabla mwenyewe hajakiri. Mshahara huingia na kukatwa palepale na mkopo wa simu. Namba ya siri ya simu hubadilishwa ghafla. Vitu vinavyouzika haraka huanza kutoweka kwa visingizio, mara mtungi wa gesi umeazimwa, mara redio imepelekwa kwa fundi na hairudi. Watu usiowafahamu hupiga simu asubuhi na mapema. Ukiona mambo haya yakijirudia miezi miwili au mitatu mfululizo, usisubiri ungamo.

Pili, kusanya hesabu kabla ya kusema neno

Chukua daftari la kawaida na ukae nalo mahali salama, kwa mfano kazini kwako au kwa ndugu unayemwamini. Ukurasa wa kwanza uandike kila shilingi inayoingia katika kaya kwa mwezi, ya kwako na ya mwenzako, kadiri unavyoifahamu. Ukurasa wa pili uandike matumizi ambayo hayaahirishiki: kodi ya nyumba, chakula, ada na michango ya shule, nauli, umeme, maji na dawa. Kurasa zinazofuata ziwe za madeni, na kila deni liwe na jina la anayedai, kiasi kilichokopwa, riba, tarehe ya marejesho, na swali ambalo wengi husahau kuliuliza, yaani nini kimewekwa rehani. Wakopeshaji wa mtaani, hasa wale wa mikopo inayoitwa kausha damu, hupenda kushika kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri, kadi ya pikipiki, au karatasi za mauziano ya kiwanja. Deni la laki mbili lenye kadi ya bodaboda mkononi mwa mkopeshaji ni la hatari kuliko deni la laki tano la rafiki, kwa sababu lile la kwanza linaweza kuondoka na chanzo cha kipato.

Madeni utayakuta katika sehemu nyingi, kwa hiyo yatafute pote: mikopo ya dharura ya mitandao ya simu, programu za mikopo zilizopakuliwa, kikoba, SACCOS ya kazini, mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, dukani kwa Mangi, na kwa ndugu ambao hawakutaka kukuumiza kwa kukuambia. Taarifa ya miamala ya simu na taarifa ya benki hutolewa kwa mwenye akaunti tu, na sikushauri uibe simu au ughushi ombi, kwa kuwa utajiingiza katika kosa na utapoteza nguvu ya kusema. Katika hatua hii andika unachokijua kihalali, na nafasi ya kuomba taarifa kamili itakuja wakati wa mazungumzo. Hapo mwenza wako anaweza pia kuomba taarifa yake ya mikopo kutoka taasisi za taarifa za wakopaji zenye leseni ya Benki Kuu, kwa mfano Creditinfo Tanzania, ambako mikopo mingi ya benki na ya taasisi zilizosajiliwa huonekana.

Tatu, tenganisha fedha ndani ya wiki moja

Hatua hii ifanyike haraka na bila kelele. Anza na laini yako ya simu. Piga *106# uangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA, na ukikuta usiyoitambua nenda kwenye duka la mtandao husika ukaifute. Kisha badilisha namba ya siri ya akaunti yako ya fedha, na usitumie mwaka wa kuzaliwa wa mtoto wala tarehe ya harusi, kwa kuwa hizo ndizo mwenzako atakazojaribu kwanza. Angalia pia alama za vidole zilizosajiliwa kwenye simu yako na ufute ya mwenzako. Mtu mwenye namba yako ya siri anaweza kufanya zaidi ya kutoa salio lako, kwa sababu anaweza kukopa kwa jina lako mkopo wa dharura ambao utakatwa kwenye kila shilingi itakayoingia, na wewe ndiwe utakayeonekana mdaiwa.

Mshahara wako au mapato ya biashara yako yaelekezwe kwenye akaunti ya benki iliyo kwa jina lako pekee, na kadi yake isikae kwenye droo ya kitanda. Kama mna akaunti ya pamoja ambayo kila mmoja anaweza kutoa peke yake, nenda benki uombe masharti yabadilishwe ili kila utoaji uhitaji saini za wote wawili. Kama mwenzako hayuko tayari kuja kusaini mabadiliko hayo, basi acha kuingiza fedha mpya humo. Kwa mwenye genge au duka, mauzo ya lipa namba yaingie kwenye laini ambayo wewe peke yako unaishika, na fedha taslimu zisilale nyumbani.

Baada ya hapo, punguza fedha taslimu katika maisha ya kila siku kwa kuzigeuza kuwa kitu kisichobetiwa kirahisi. Wazazi wetu walijua faida ya gunia kuliko noti, na katika jambo hili walikuwa sahihi kabisa. Mahindi, mchele, maharage na mafuta ya kupikia vinunuliwe kwa jumla siku ileile kipato kinapoingia. Umeme wa LUKU ununuliwe wa mwezi mzima. Kodi ya nyumba, ambayo wenye nyumba wengi wa mijini huitaka kwa miezi mitatu au sita, ipelekwe na wewe mwenyewe kwa mwenye nyumba na upewe risiti yenye miezi iliyolipiwa. Ada ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, kwa awamu ndogo kama huna zote, kwa sababu shule nyingi hupokea hata kiasi kidogo kinachoingia mapema.

Akiba ya muda mrefu iwekwe mahali ambapo kuitoa kunachukua siku kadhaa. Akaunti ya muda maalumu ya benki inafaa, na mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS inafaa vilevile, kwa kuwa hata mwenye vipande, yaani sehemu zake katika mfuko, husubiri siku za kazi kabla fedha hazijafika. Kusubiri huko ni kinga, maana tamaa ya kubeti huja usiku na mara nyingi huwa imepungua kufikia asubuhi. Katika kikoba, mwombe katibu aandike kwenye kumbukumbu kwamba hisa zako hulipwa kwako pekee, mkononi au kwenye laini yako, na kwamba hakuna atakayekopa kwa jina lako au kukuandika mdhamini bila wewe kuwepo na kusaini. Vikundi vinavyotunza fedha kwa mfumo wa simu kama M-Koba vina nafuu hapa, kwa sababu utoaji huhitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja.

Nne, linda nyumba na ardhi kwa maandishi

Hapa ningependa tukae kidogo, kwa kuwa akiba ikiliwa huweza kurudishwa kwa miaka michache ya kazi, lakini nyumba ikiuzwa watoto hubaki wapangaji. Habari njema ni kwamba sheria ya Tanzania imesimama upande wako waziwazi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati iko kwa jina lake peke yake, na kifungu hichohicho kinakupa haki ya kuweka zuio, yaani taarifa rasmi ya maslahi yako kwenye usajili wa ardhi, ili kuyalinda. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 nayo inataka ridhaa ya mwenza katika rehani ya nyumba ya ndoa, na inamtaka mkopeshaji achukue hatua za kuulizia kama ridhaa hiyo ipo.

Kuna sehemu ya kifungu cha 59 ambayo watu wengi hawaifahamu, nayo ndiyo inayoonyesha thamani ya karatasi. Nyumba ikiuzwa bila ridhaa yako, unabaki na haki ya kuendelea kuishi humo mpaka ndoa ivunjwe au mahakama iamue vinginevyo, isipokuwa kama mnunuzi ataonyesha kwamba hakujua kuhusu haki yako na kwamba hata angeulizia kwa uangalifu asingeweza kuijua. Maana yake ni kwamba kila taarifa ya maandishi unayoiweka mapema, mahali ambapo mnunuzi makini angeulizia, inamwondolea mnunuzi utetezi huo.

Kama nyumba ina hati iliyosajiliwa, nenda ofisi ya Msajili wa Hati ukiwa na cheti cha ndoa, kitambulisho na nakala ya hati au namba ya kiwanja, uombe kuweka zuio. Wakili au mtoa msaada wa kisheria anaweza kukuandalia fomu na kiapo. Lakini nyumba nyingi za mitaani kwetu hazina hati, zina karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na mjumbe na kugongwa muhuri wa serikali ya mtaa, au zina leseni ya makazi tu. Huko mauzo hupita kwa dalali, mashahidi na ofisi ya mtaa, kwa hiyo kinga yako inapaswa kuwa palepale. Andika barua fupi kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, ukieleza kwamba nyumba fulani ni nyumba ya ndoa, kwamba wewe ni mke au mume halali, na kwamba hukutoa na hutoi ridhaa ya kuiuza wala kuiweka rehani. Huna haja ya kutaja kamari katika barua hiyo, kwa kuwa heshima ya mwenzako bado ni mali ya familia. Peleka nakala mbili, na ile utakayorudi nayo iwe imegongwa muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe. Mpe taarifa mjumbe pia, na jirani mmoja wa kila upande, kwa sababu hao ndio huitwa kuonyesha mipaka siku mnunuzi anapokuja. Kijijini, barua kama hiyo ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji na halmashauri ya kijiji, hasa pale ambapo shamba lina hatimiliki ya kimila.

Tengeneza nakala za hati, karatasi za mauziano, kadi za gari na pikipiki, vyeti vya kuzaliwa na cheti cha ndoa, na uziweke nje ya nyumba. Ukiletewa fomu yoyote ya mkopo, isome yote kabla ya kusaini. Maneno ya kuangalia ni mdhamini, mkopaji mwenza na ridhaa ya mwenza. Kwa kawaida deni alilokopa mwenzako kwa jina lake ni lake, na ndoa peke yake haikufanyi mdaiwa, lakini saini moja katika nafasi hizo tatu hubadilisha mambo. Kusema kwamba utaisoma nyumbani na kujibu kesho ni haki yako hata kama afisa mikopo ana haraka.

Kwa msomaji aliyeko Kenya, msingi unafanana: Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, kifungu cha 12, inakataza mali ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza.

Tano, zungumza naye ukiwa umejipanga

Usizungumze siku timu yake imefungwa, wala usiku, wala mbele ya watoto, wala akiwa amekunywa. Chagua asubuhi ya siku ambayo hakuna anayewahi kazini. Weka daftari mezani na useme mambo machache yaliyonyooka, kwa mfano: «Baba Neema, sikukuita ili nikuaibishe. Haya ndiyo madeni ninayoyafahamu, na hii ndiyo bajeti ya nyumba. Mshahara wangu nimeuhamisha na nimeandika barua kuhusu nyumba, kwa sababu naogopa tutakosa pa kulala. Nataka tutafute matibabu pamoja, na nataka unionyeshe madeni yote, hata yale unayoona aibu kuyataja.» Kumwambia waziwazi kwamba umeshatenganisha fedha ni muhimu, kwa sababu akigundua mwenyewe atakuona adui, na kwa sababu kusema baada ya kutenda kunaondoa mabishano ya kama utatenda au hutatenda. Kama una hofu kwamba atakupiga, usimkabili peke yako. Mazungumzo hayo yafanyike mbele ya mtu mzima anayemheshimu, au yasifanyike kwanza.

Akikubali, kuna mambo ya kufanya siku hiyohiyo mkiwa mmekaa pamoja, kabla nia haijapoa. Afungue akaunti zake za kubeti moja baada ya nyingine na aombe kufungiwa. Kampuni zenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha zinapaswa kusimamia uchezaji wa kistaarabu, na nyingi zina utaratibu wa mchezaji kujifungia mwenyewe. Achague muda mrefu zaidi unaoruhusiwa, na mhifadhi picha ya uthibitisho. Afute programu za kubeti na za mikopo, ajitoe kwenye makundi ya mikeka ya uhakika, na azuie jumbe za ofa. Kisha mwandikishane jinsi fedha zake zitakavyosimamiwa kwa miezi sita ijayo: mshahara wake uingie kwenye akaunti ya saini mbili, au sehemu kubwa ikatwe moja kwa moja kwenda kwenye kodi na ada, naye abaki na posho ya nauli na chakula cha mchana anayoipata kwa siku au kwa wiki. Baada ya hapo ndipo taarifa kamili ya miamala iombwe na daftari likamilishwe. Jiandae, kwa sababu karibu kila mara kuna deni moja kubwa linalobaki mafichoni mpaka mazungumzo ya pili au ya tatu.

Akikataa au akikana, hatua zako za tatu na za nne zinabaki palepale. Hazikuhitaji ruhusa yake tangu mwanzo.

Sita, madeni sasa

Kanuni ninayoisimamia bila kutetereka ni kwamba usilipe deni hata moja la kamari kwa akiba yako kabla akaunti hazijafungwa na kipato hakijawekwa chini ya usimamizi. Deni likilipwa mapema, kinachotokea ni kwamba kiwango cha kukopa hufunguka upya, na simu humletea ujumbe kwamba sasa anastahili mkopo mkubwa zaidi. Hicho ndicho kilichompata yule mwanachama wa kikundi chetu mara zote tatu.

Mambo yakishatulia, yale matumizi yasiyoahirishika ya ukurasa wa pili yatangulie madeni yote. Baada ya hayo yafuate madeni yaliyoshika kitu cha familia, hasa kifaa cha kazi au karatasi za nyumba, halafu yale yenye riba kubwa, na mwisho yale ya ndugu na marafiki, ambao wengi watakubali kusubiri wakielezwa ukweli. Malipo yote yaende moja kwa moja kwa anayedai na risiti irudi kwenye daftari. Fedha za kulipia deni zisipitie mikononi mwa mwenye uraibu hata kwa saa moja, kwa kuwa huko ni kumtesa bila sababu. Na msikope kwingine ili kulipa deni.

Kwa benki, SACCOS na taasisi zilizosajiliwa, andikeni barua ya kuomba marejesho yapangwe upya kwa muda mrefu zaidi kabla hamjachelewa, kwa sababu mkopeshaji humsikiliza zaidi mdaiwa aliyejileta mwenyewe. Kwa wakopeshaji wa mtaani, ulizeni leseni kwanza. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka wawe na leseni, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wanaokopesha bila kupokea amana za wateja. Kwa mkopo wa shilingi 300,000, ukomo huo ni shilingi 10,500 kwa mwezi. Anayekudai riba ya 90,000 kwa mwezi kwa mkopo huohuo yuko nje ya utaratibu, na unaweza kumlalamikia Benki Kuu ya Tanzania. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza hadharani majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni, kwa hiyo angalieni jina la programu katika matangazo hayo kabla hamjaendelea kulipa riba juu ya riba. Na ikiwa wanatuma jumbe za matusi kwa watu wote waliomo kwenye simu ya mdaiwa, hifadhi picha za jumbe hizo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeunda Tume inayopokea malalamiko ya namna hiyo, na vitisho vya kudhuru ni suala la polisi.

Saba, matibabu na usalama

Fedha zikilindwa bila mgonjwa kutibiwa, mtaishi kama askari na mahabusu. Anzeni katika hospitali ya wilaya au ya mkoa na muulize huduma ya afya ya akili. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili, na Dodoma kuna Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe. Tiba ya kamari kwa sehemu kubwa ni ya mazungumzo na mtaalamu, kwa vikao vinavyorudiwa, na daktari ataangalia pia kama kuna sonona au ulevi ambavyo mara nyingi huambatana nayo. Sheikh, padri au mchungaji wa karibu anaweza kusaidia sana kumshika mkono, mradi asimwambie kwamba toba inatosha na hospitali haihitajiki.

Mwenye deni la kamari aliyefichuliwa huweza kufikia hatua ya kutaka kujiua. Akisema kwamba familia ingekuwa bora bila yeye, akianza kugawa vitu vyake au kuaga watu, asiachwe peke yake, dawa na sumu za shambani ziondolewe nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kwa upande mwingine, kama kukunyang'anya fedha kumegeuka kipigo au vitisho, usalama wako na wa watoto unatangulia hesabu zote za mwongozo huu. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 hupokea simu za kumsaidia mtoto.

Nane, sheria inapobidi

Mtoto anapokosa matunzo kwa sababu ya kamari, huna lazima ya kuvunja ndoa ndipo udai. Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya anaweza kuwaita wazazi na kuweka makubaliano, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kuomba amri ya matunzo mahakamani. Sheria ya Ndoa nayo inamtaka mume kumtunza mkewe, na mahakama inaweza kuamuru matunzo ndoa ikiwa bado ipo. Ukifikia hatua ya talaka, shauri hupelekwa kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, liwe la kata au la taasisi ya dini kama BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), na baada ya hapo mahakama inaweza kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Hapo daftari lako, risiti za kodi na ada, na nakala ya barua yenye muhuri vitakuwa ushahidi wa mchango wako. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kwenda kwa watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, miongoni mwao TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu.

Tisa, kurudisha majukumu kidogo kidogo

Kuanguka tena hutokea hata kwa anayepona kweli, kwa hiyo kubalianeni mapema nini kitafuata: atasema ndani ya saa 24, posho itarudi kuwa ya siku badala ya wiki, na miadi ya mtaalamu itawahishwa. Wekeni siku moja ya kila mwezi ya kufungua daftari pamoja, taarifa ya miamala ikiwa mezani. Baada ya miezi kadhaa isiyo na muamala wa kubeti, mpe jukumu moja dogo lenye risiti, kama kununua umeme, halafu soko la wiki, halafu kupeleka awamu moja ya ada. Saini mbili kwenye akaunti kubwa na zuio kwenye nyumba viendelee kuwepo miaka mingi, na hilo lisemwe wazi ili lisichukuliwe kuwa adhabu.

Yule mwanachama wa kikundi chetu alipitia mwendo huo kwa mwaka mmoja na miezi mitatu, na mumewe alianguka mara mbili katikati. Mara ya mwisho nilipoona daftari lake, mwandiko katika safu ya kodi ya nyumba ulikuwa wa mumewe, na pembeni yake risiti ya mwenye nyumba ilikuwa imebandikwa kwa gundi.